Kukamatwa, kutiwa hatiani, kisha kusubiri adhabu: tuliopitia tuzungumze

msubiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kukamatwa zipo nyingi, na za maisha ya gerezani zipo. Ninachokikosa ni kile kipande cha katikati: umeshatiwa hatiani, hakimu amesema adhabu ataitoa tarehe fulani, unarudishwa rumande kusubiri. Nimekaa kwenye kipande hicho. Nimewaona wenzangu wakikaa humo wameinamisha vichwa, hawataki kuongea na wakili wala ndugu, wanaamini kilichobaki ni kutajiwa miaka tu. Naandika kwa ajili yao na jamaa zao, kwa sababu huo ndio muda ambao mtu bado anaweza kuingiza kitu kwenye jalada lake, na wengi unawapita hivi hivi.

Kosa langu sitalieleza. Lina watu wengine ndani yake ambao hawajaniruhusu niwaandike. Nitasema yale yanayomhusu yeyote anayeshikwa, popote alipo.

Nianze na siku ya kukamatwa, kwa ufupi. Hapakuwa na purukushani. Waliniita jina, wakaonesha vitambulisho, wakasema nahitajika kituoni. Nikauliza nakamatwa kwa kosa gani. Ulizeni swali hilo hata kama sauti inatetemeka. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 9, unasema anayekamatwa aelezwe sababu wakati ule ule anapokamatwa, na afikishwe haraka mbele ya hakimu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2014 kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha, na kupitiliza hapo kunahitaji sababu ya kipekee. Kila nchi ina saa zake kwenye sheria yake. Ndugu wa aliyeshikwa azijue na aanze kuzihesabu tangu mtu wake alipochukuliwa.

Kituoni wanakuvua mkanda, kamba za viatu, saa, simu. Vinaandikwa kwenye daftari, unatia saini. Soma kabla hujasaini, kiasi cha fedha kiandikwe chote. Baada ya hapo unaingia mahali ambapo taa haizimwi na huna njia ya kujua ni saa ngapi. Mimi kupotelewa na wakati kulinichosha kuliko sakafu. Unaanza kudhani umekaa siku nzima kumbe ni saa chache, na ukiwa katika hali hiyo ndipo unapoitwa kwenda kuandika maelezo.

Hapo kwenye maelezo nikae kidogo. Anayekuhoji si lazima awe mkali. Wangu alikuwa mpole, aliniuliza habari za nyumbani, akasema tumalize hili ukapumzike. Maneno unayoyasema ukiwa na usingizi na kiu ndiyo yatakayosomwa mahakamani miezi mingi baadaye, wakati wewe mwenyewe umeshayasahau. Ukiamua kuandika maelezo, soma kila ukurasa. Neno ambalo si lako, likatwe, na pale lilipokatwa weka saini yako. Nafasi iliyobaki wazi chini ya ukurasa, pigia mstari. Kama lugha iliyotumika huielewi vizuri, omba mkalimani. Mbele ya mahakama ibara ya 14 ya mkataba ule ule inakupa mkalimani bila malipo. Na ibara hiyo hiyo inasema mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa.

Rumande yenyewe sitaieleza sana, wengi mmeisimulia. Niseme tu kuhusu wale wanaojiita mawakili wa selo. Kila mtu ana hesabu ya kesi yako: huyu anasema utakula mvua tatu, yaani miaka mitatu, yule anasema saba, mwingine anaapa utatoka kesho. Wanaongea kwa uhakika mkubwa na wala hawajaliona jalada lako. Usiku wa kwanza nilimwamini aliyesema miaka michache, wa pili nikamwamini aliyesema mingi, nikawa silali. Nikaacha kuwatajia shtaka langu, nikapata usingizi.

Sasa nifike nilikotaka kufika.

Siku ya uamuzi nilikuwa nje kwa dhamana. Nilikwenda mahakamani nikijua naweza kushinda au kushindwa, ila sikujua kwamba ukitiwa hatiani, mahakama nyingi hufuta dhamana papo hapo. Ndugu zangu walikuwa wamekaa nyuma wakidhani nitatoka nao hata kama nimeshindwa, adhabu si bado? Nikashushwa ngazi za chini na nguo nilizovaa. Dawa zangu zilibaki nyumbani. Funguo zilikuwa mfukoni kwangu. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye kesi ya jinai aende siku ya uamuzi kama anayejua hatarudi: dawa na cheti cha daktari, namba za simu muhimu kwenye karatasi, funguo kwa mtu anayemwamini, na hati ya uwakilishi iliyosainiwa ili kuwe na mtu wa kushughulikia kodi ya nyumba, mkopo na shule ya watoto.

Ukirudi rumande ukiwa umetiwa hatiani, wenzako wanakutazama tofauti. Si mfungwa, si mtuhumiwa. Hata hivyo Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kwenye kanuni ya 111 zinawazungumzia pamoja wote walioshikwa kwa shtaka la jinai ambao bado hawajamaliza kusikilizwa na kupewa adhabu. Kundi hilo linatakiwa kukaa mbali na wafungwa, kuruhusiwa nguo zake lenyewe zikiwa safi na zinafaa, kupata vitabu na vifaa vya kuandikia, kutibiwa na daktari wake kama kuna sababu ya msingi na anaweza kumlipa, na kuonana na wakili kwa faragha. Sisemi utavipata vyote. Nasema viombe kwa heshima, kwa kuvitaja, na kwa maandishi. Mimi niliomba kalamu na karatasi kwa maandishi, nikavipata, na ndivyo vilivyonisaidia.

Kwa sababu kazi ya kipindi hiki ni ya karatasi. Hakimu anapanga adhabu kwa kuangalia uzito wa kosa, madhara kwa aliyekosewa, kumbukumbu zako za nyuma, na maisha yako. Hayo matatu ya kwanza upande wa mashtaka utayasema. Hilo la mwisho hakuna atakayelisema usipolisema wewe. Na wengi wetu tukiulizwa "una lolote la kusema kabla ya adhabu?" tunajibu "naomba mahakama inihurumie, nina familia inanitegemea". Hakimu amelisikia mara ngapi neno hilo wiki hiyo? Familia gani? Watu wangapi, wa umri gani, nani mgonjwa, cheti kiko wapi, nani atawalea ukiondoka? Yaandike. Nilimaliza daftari zima nikiandika na kufuta, kisha nikampa wakili, naye akatoa kurasa mbili zenye maana.

Ukimya wa siku zile ni mzito, sitaupamba. Unaomba tarehe ifike na unaomba isifike. Kuna jamaa alikuwa anaamka usiku kuuliza ni tarehe ngapi, kila usiku. Tulimjibu kila usiku.

Wengine karibuni. Waliopitia, walio na ndugu ndani, na wanasheria mkiwepo.

---

kalamu_nyeusi

Ndugu msubiri, asante sana. Nimetetea watu mahakamani hadi nikastaafu, na hilo la siku ya uamuzi laiti lingebandikwa mlango wa kila mahakama.

Niongeze mawili. La kwanza, kukaa kimya. Tusiwadanganye watu kwamba ukimya una uzito ule ule kila nchi. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Miranda mwaka 1966, polisi lazima wakueleze kabla ya kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi kuwa una haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili. Uingereza nayo haki ya kukaa kimya ipo, ila sheria ya mwaka 1994 inairuhusu mahakama kujiuliza kwa nini hukulisema kituoni jambo unalolitegemea sasa kizimbani. Ndiyo maana neno la kwanza kituoni liwe "naomba wakili", kisha wakili ndiye akushauri useme au unyamaze kwa sheria ya hapo ulipo.

La pili ni ripoti ya kabla ya adhabu. Hakimu akisema anaahirisha ili afisa wa probesheni au wa ustawi wa jamii alete ripoti, msilichukulie kama ucheleweshaji. Hiyo ina maana hakimu anatafuta picha kamili, na mara nyingine anapima kama kuna adhabu isiyo ya kifungo. Kanuni za Tokyo za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinahusu hasa adhabu hizo: kuachiwa kwa masharti, faini, fidia, huduma kwa jamii, uangalizi. Afisa atazungumza nawe, atakwenda nyumbani, atauliza mwajiri, pengine na aliyekosewa. Nimeona ripoti zilizoharibika kwa sababu mke alisema hivi na mshtakiwa akasema vile. Hawakudanganya, hawakuwa wamezungumza tu. Mwambieni ukweli, wote, mpaka yale ya aibu. Afisa akigundua umeficha ulevi, ripoti nzima inaonekana ya uongo. Ukiutaja mwenyewe na ukaonesha umeanza matibabu, unakuwa msingi wa mapendekezo yake.

---

Dada Mkubwa

Mimi nilikuwa upande wa nje. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ndani. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kweli sitajifanya najua alichokipitia. Lakini kusubiri kwa ndugu nako kuna namna yake.

Unakwenda mahakamani, unakaa tangu asubuhi, kesi inaitwa, dakika mbili: jalada halijafika, ripoti haijakamilika, hakimu ana dharura, tarehe nyingine. Mdogo wako anakuangalia kutoka kizimbani, pingu mkononi, na wewe unatakiwa utabasamu. Kisha nyumbani mama anauliza. Mara ya tatu nilishindwa kumjibu, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Ninachotaka kusema ni kuhusu barua. Wakili alituambia tukusanye barua za watu wanaomfahamu. Tukaleta nyingi, zote zinafanana: "ni kijana mwema, mcha Mungu, anaheshimu wakubwa". Akazirudisha zote. Akasema aliyeandika lazima aseme yeye ni nani, amemfahamu vipi, anajua ametiwa hatiani kwa kosa gani, kisha aeleze jambo alilolishuhudia kwa macho. Barua iliyokubaliwa ilitoka kwa fundi aliyemfundisha kazi. Aliandika kwamba anajua kosa, analichukia, na kwamba akitoka ana nafasi kwenye karakana yake, na aje kuulizwa mahakamani akihitajika. Hakimu aliitaja barua hiyo wakati wa kusoma adhabu. Nyingine hakuzigusa.

Na tafadhali, barua zipitie kwa wakili au karani. Msimwandikie hakimu moja kwa moja, wala msimtafute pembeni. Kuna shemeji yetu alitaka kwenda kumwona, tulimzuia kwa nguvu.

---

Niliyeachiwa

Mkuu msubiri, nakuheshimu, ila uzi huu usisahau wasiokuwa na hatia.

Nilikaa rumande muda mrefu, mwisho nikaachiwa huru. Tukiwa ndani, ilikuwa inazungumzwa waziwazi: ukikiri unapata kifungo kifupi, muda uliokaa unahesabiwa, unaondoka mapema kuliko anayepigania kesi yake. Nimewaona watu wawili wakikiri kitu ambacho naamini hawakukifanya, ili tu watoke wakaone watoto. Takriban theluthi moja ya watu walioko magerezani duniani hawajahukumiwa. Ibara ya 9 uliyoitaja inasema wazi kwamba kumweka mtu ndani kusubiri kesi kusiwe ndiyo kanuni ya jumla. Mahali ambapo kumekuwa kawaida, kukiri kunakuwa mlango wa kutokea, na mtu anabaki na alama ya hatia maisha yake yote: kazi, safari, mikopo.

Nami nilishawishika. Jioni moja nilikuwa nimeamua kabisa kesho nakiri. Aliyenizuia ni mzee mmoja wa selo ambaye hakuwa na maneno mengi, aliniuliza tu: "Ukishakiri, utamweleza nini mtoto wako akikua?" Sikukiri.

---

kalamu_nyeusi

Ndugu Niliyeachiwa, uko sahihi na nimeliona kwa macho yangu. Punguzo la kukiri lipo nchi nyingi. Uingereza na Wales, kwa mfano, mwongozo wa adhabu unafika hadi theluthi moja kwa anayekiri mapema kabisa. Kwa mwenye hatia ni jambo la haki, anaokoa muda na anamwondolea shahidi mateso ya kuhojiwa. Kwa asiye na hatia ni mtego. Wakili asikubali kumsimamisha mteja akiri huku pembeni mteja anamwambia "sikufanya". Na mtu asikiri siku ile ile aliyopewa wazo hilo. Alale, aulize, asome hati ya mashtaka neno kwa neno, ndipo aamue.

---

upande_wa_pili

Samahani kuingia, labda sitapokelewa vizuri. Mimi nilikuwa niliyekosewa. Nilikaa mahakamani siku ya adhabu ya aliyenifanyia.

Nilitaka mjue kwamba sisi pia tunasubiri tarehe hiyo. Tunaahirishiwa pia. Nilikuwa silali kama mlivyokuwa hamlali. Alipopewa nafasi ya kuongea alizungumzia watoto wake, mama yake, kazi yake. Mimi hakunitaja kabisa. Sikutaka apigwe miaka mingi, nilitaka tu aseme jina langu na alichonifanyia. Nilisoma taarifa yangu kuhusu madhara, mikono ikinitetemeka, naye akawa anaangalia sakafu.

Msubiri, kwenye zile kurasa zako mbili, je, ulimwandika uliyemkosea?

---

msubiri

Karibu sana, na unapokelewa.

Ndiyo, nilimwandika, na ndiyo sehemu iliyonichukua muda kuliko zote. Ya kwanza niliyoiandika wakili aliirudisha akisema inaeleza jinsi nilivyoumia mimi kwa kilichompata yeye. Niliiandika upya mara nyingi. Mwisho ilikuwa aya fupi: nilichofanya, alichopoteza, na nilichokwisha kurudisha. Sikuongeza "lakini" popote.

Kuhusu kurudisha, wenye uwezo walipe fidia kabla ya tarehe ya adhabu, hata kidogo kidogo, na iwe kwa maandishi kupitia wakili au mahakama. Msimfuate aliyekosewa nyumbani kwake, hata kwa nia safi. Kwake inaweza kuwa vitisho, na mbele ya sheria inaweza kuwa kuingilia shahidi. Ulichokisema, upande_wa_pili, nimekisoma mara kadhaa. Nashukuru umekileta hapa.

Niliyeachiwa, nimekuelewa na ninakubali. Nilichoandika ni kwa aliyekwisha kutiwa hatiani. Na hata huyo, akiamini hana hatia, anaweza kuomba nafuu ya adhabu bila kukiri: aeleze afya, umri, wategemezi, muda aliokwisha kukaa ndani, kisha akate rufaa. Haki ya kupelekea shauri lake mahakama ya juu imo kwenye ibara ya 14 ya mkataba ule.

Kuna jambo sikuligusa juu. Yule jamaa aliyekuwa anauliza tarehe usiku, siku tatu kabla ya adhabu aliacha kuuliza. Akagawa nguo zake, akawa mtulivu sana. Mwenzetu mmoja alishtuka, akamwita askari wa zamu, akasema wazi anachohofia. Alihamishiwa wanakoweza kumwona muda wote, daktari akaja. Yuko hai. Watu walioko mahabusu wako kwenye hatari kubwa ya kujiua kuliko walio nje, hasa siku za mwanzo na karibu na tarehe za mahakama. Ukiona mtu anagawa vitu vyake, sema. Ndugu mkienda kumwona, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kumwuliza hakumtii wazo kichwani. Na mkihofia, msitoke hapo kabla hamjamwambia mkuu wa zamu.

---

mgeni_leo

Wakubwa zangu, nimesoma yote. Mdogo wangu ametiwa hatiani, adhabu ni wiki ijayo. Afisa wa probesheni amenipigia, anakuja nyumbani. Hatuna wakili kwa sasa, fedha zimekwisha. Sijui nimwambie nini. Nisiharibu.

---

Dada Mkubwa

Pole mdogo wangu. Kwanza nenda mahakamani kwa karani, uliza msaada wa kisheria bure, waeleze ni adhabu inayosubiriwa na ni wiki ijayo. Nchi nyingi zina utaratibu huo, na vyuo vya sheria mara nyingi vina ofisi ya msaada.

Afisa akija, usimpambe mdogo wako. Jibu anachouliza. Kama anaweza kukaa kwako akipewa adhabu ya nje, mwoneshe chumba. Kama huwezi kumpokea, sema huwezi, aandike mtu mwingine. Toa cheti cha hospitali kama kipo, cha shule, barua ya mahali alipofanya kazi. Leo ukienda kumwona, mwambie afisa anakuja kwako, mzungumze yale ya kweli ili asishangae akiulizwa.

---

msubiri

Na wewe mwenyewe uwepo siku ya adhabu, ukae anapoweza kukuona. Mpelekee nguo safi jioni ya kabla, kama wanaruhusu. Akipewa kifungo, ulizeni hapo hapo kama muda aliokaa rumande umehesabiwa. Muda huo ukisahaulika, ni rahisi kuurekebisha kabla hakimu hajaondoka. Mwambieni karani siku hiyo hiyo kwamba mnataka nakala ya uamuzi, na mumwulize siku za kukata rufaa ni ngapi. Huwa ni chache.

---

mgeni_leo

Nimeandika yote kwenye karatasi. Afisa anakuja Jumanne. Sasa hivi natoka kwenda kumtafuta bosi wa zamani wa mdogo wangu kwa ajili ya barua, kisha kwa karani. Jumanne jioni nitarudi hapa kuwaambia ilivyokwenda.